Nguo Aliyoitupa Mama Désiré

Kwanza tuelewane. Nguo ninayoisema hapa ni suruali ya ndani ya kike, ya pamba nyeupe, inayoshuka mpaka chini ya magoti, ina marinda kiunoni na lesi ya kufuma kwa mkono kwenye kila mguu. Anayetaka kuona haya, aone sasa amalize, kwa sababu habari yenyewe ni hiyo nguo na mimi sina namna ya kuikwepa.

Mwenye habari ni Marcelline, mwanamke wa Uvira, aliyekuwa na miaka hamsini na miwili mwaka huo wa 2012. Lakini pale Overport, mjini Durban, kwenye kijia cha maduka ambamo Wakongo wanasuka nywele na kutengeneza simu, ungeuliza Marcelline usingeonyeshwa mtu. Alikuwa Mama Désiré. Kwetu mwanamke akishazaa, jina lake linawekwa kabatini, anaitwa kwa mtoto, na yeye alizaa mmoja tu. Mumewe alikufa zamani. Désiré ndiye aliyetangulia Durban mwaka 2008, akalala kwenye magodoro ya watu, akapata kazi katika duka la simu la Peguy, na baada ya miaka miwili akamtoa mama yake kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania akamleta huku. Mtoto wa namna hiyo, hata wewe ungefurahi kuitwa kwa jina lake.

Walipanga chumba kimoja Greyville, jirani na uwanja wa mbio za farasi, wakakigawa kwa pazia: huku mama na meza yake ya kushonea, kule kijana na kitanda chake. Asubuhi walipanda taxi pamoja mpaka Overport. Désiré aliingia kwa Peguy, mama akaketi nje ya saluni na cherehani ya mkono, akapandisha pindo za suruali, akabadilisha zipu, akabana magauni ya watu waliokonda. Wateja wakikatika, alifuma.

Kufuma alifundishwa na masista, kwenye foyer, nyumba ya mafunzo ya wanawake, enzi ambazo msichana asiyejua tricot alionekana hakulelewa. Alifuma lesi nyembamba kabisa, kwa uzi wa pamba, na sindano zake hazikuwa za kununua: zilikuwa spoku mbili za baiskeli, zilizosuguliwa kwenye jiwe mpaka ncha zikawa laini. Sindano alizoziona madukani Durban zilikuwa nene kama vijiti vya mishikaki, akazipita. Wasusi walimwuliza lesi yote ile ni ya nini. "Ya mikono," aliwajibu, yaani mikono isikae bure.

Ndipo akaja Madame Enid, Mzungu mzee wa Glenwood, mjane, kaleta sketi iliyoharibika zipu. Zipu aliisahau palepale. Aliichukua ile lesi mikononi mwa Marcelline bila hata kuomba, akaisogeza kwenye miwani, akahesabu matundu. "Umefuma wewe? Kwa vyuma hivyo?"

Shida yake ilikuwa hii. Bibi wa mama yake alikuja Natal kwa meli, enzi za Malkia Viktoria, na sanduku zima la nguo za ndani: shimizi, magagulo, vibana kiuno, suruali. Unyevu wa Durban na nondo walikuwa wamezila karibu zote, na zilizobaki ukizishika zinabaki vidoleni. Madame alitaka kufungua vyumba viwili vya mbele vya nyumba yake, watu waje waone mwanamke wa zamani alivyovaa, kuanzia ngozini kwenda nje. Alihitaji nakala zilizoshonwa kwa sindano ya mkono, pigo kwa pigo, na lesi ya kufuma, si ya kiwandani. Alishamtafuta fundi mpaka Cape Town, kumbe yuko Overport mlangoni pa saluni.

Basi kila Alhamisi Marcelline akawa anaenda Glenwood. Walikaa barazani, vitambaa vya kale vimetandazwa juu ya shuka, chai ya maziwa pembeni, na biskuti ngumu ambazo Mungu peke yake anajua kwa nini Wazungu wanazipenda. Kiingereza cha mmoja kilikuwa cha vitabuni, cha mwingine cha barabarani, lakini kwenye mshono walielewana kwa vidole. Vitanzi kumi na vinne kwenye spoku. Uzi unazungushwa juu ya chuma, tundu linapatikana. Vitanzi viwili vinafumwa pamoja, hesabu inarudi. Safu kumi na mbili, ncha moja ya lesi imekamilika. Mguu mmoja wa suruali ulikula ncha thelathini na sita, na miguu, kama mnavyojua, ni miwili.

Suruali ya kwanza ilikuwa kichekesho. Ile ya kale iliyokuwa mezani ilikuwa miguu miwili iliyoshikana kiunoni tu. Katikati, kuanzia mbele mpaka nyuma, wazi. Marcelline aliitazama akasikitika: nondo hawa wamefika mpaka huko! Kwa roho safi kabisa akashona ya kwake akaifunga, mshono wa kukunjia ndani, mara mbili, akaupiga pasi. Alhamisi hiyo alipanda taxi na fahari zake.

Madame aliigeuza, akaingiza mkono, mkono ukagonga mshono. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akaeleza, machozi yanamtoka: mwanamke amekazwa kibana kiuno, juu yake magagulo matano, akitaka kwenda chooni atavua nini, ataacha nini? Ndiyo maana zilikuwa wazi. Zote.

"Zote?" Marcelline akauliza. "Hata za mke wa mchungaji?"

"Hata za mke wa askofu."

"Yesu wangu! Na hawa ndio waliokuja kwetu kutuambia tuko uchi!"

Hapo Madame akaketi chini kabisa, na Marcelline naye akashindwa kujizuia. Wanawake wazima wawili barazani, suruali katikati yao, wanalia kwa kicheko. Tangu atoke Uvira hakuwa amecheka hivyo na mtu. Alasiri nzima walikaa pamoja wakifumua ule mshono.

Nimewaambia haya mjue nguo ilivyokuwa. Ilikuwa wazi, na ilitakiwa kuwa wazi, na ilikuwa safi kuliko nguo nyingi ninazoziona zikipita barabarani.

Mwezi wa tano mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Juu ya paa ambako wapangaji wote wanaanika hakukufaa kitu. Marcelline alikuwa amefua suruali nne zilizokamilika na kuzitia wanga, na Madame alizingojea. Akafunga kamba chumbani, kutoka dirishani mpaka ukuta wa pili, ikapita juu ya pazia na juu ya kitanda cha mwanawe. Akasema moyoni, Désiré yuko matembezini, mpaka arudi zitakuwa zimekauka.

Désiré akarudi mapema. Na hakurudi peke yake, alikuja na Lyse, binti wa Kirundi aliyesuka nywele kwenye saluni ya pili, amevaa gauni la kanisani. Alimleta kumtambulisha kwa mama yake. Hakuwa ametoa taarifa, vijana hawa wanafikiri mama ni duka, linakuwa wazi muda wote. Lyse akainua macho kusalimia, akakutana na suruali nne zimetanua miguu juu ya kitanda cha mchumba wake. Akaziba mdomo. Alikuwa na adabu, alikunywa Fanta yake yote, akajibu kuhusu wazazi wake, akaaga vizuri. Lakini alipofika kwenye ngazi kicheko kilimponyoka, na kicheko cha kwenye ngazi za jengo lile kinasikika mpaka Umgeni Road.

Désiré alifunga mlango akageuka.

"Mama, hizi ni nini?"

"Kazi ya Madame. Unaijua."

"Kilote! Kilote zimepasuka, juu ya kitanda yangu! Lyse ataenda kusema nini kwao?"

"Atasema mama yako anajua kushona."

"Atasema mama yangu anashonea wazungu waliokufa kilote!"

Akaivuta ile kamba. Zote nne zikashuka sakafuni, naye katika hasira zake akapiga hatua, na kiatu chake chenye tope la mvua kikatua juu ya lesi. Wiki tatu za kazi. Mama akapiga kelele kama kakanyagwa yeye. Akamwita mwanawe mjinga, akamwita asiye na shukrani, akamwambia baba yake hakuwa mtu wa hivyo. Na Désiré, ambaye hakuwa mtoto mbaya, mjue hilo, akasema jambo ambalo nadhani alilijutia kabla halijamtoka lote: "Ningejua, ningekuacha kule kambini."

Mezani palikuwa na mkasi, pasi iliyopoa, kopo la vifungo. Chini ya meza palikuwa na kiatu cha mama. Mkono wa Marcelline haukugusa hata kimoja. Ulishuka ukaokota suruali, ukamtupia mwanawe. Ilimpata usoni ikamwangukia begani, lesi ikaning'inia kifuani.

Asiyetoka kwetu atasema, si kitambaa tu? Ndiyo maana inabidi nieleze. Kule Uvira, na si Uvira peke yake, mama ana jambo moja ambalo halifanyi kamwe. Anaweza kukuchapa kwa mwiko, anaweza kukunyima chakula, anaweza kukutukana mpaka majirani wakafunga madirisha. Lakini mama akichukua nguo ya ndani akakurushia, amekulaani. Hahitaji kutamka neno. Wako wanawake wenye watoto wezi, watoto walevi, watoto waliowauzia mashamba, na wamezikwa bila kufanya hivyo. Na laana hiyo haiondolewi na padri wala pasta. Bibi yake Marcelline alikuwa akisema inaondolewa na mama mwenyewe, akikubali kwa mdomo wake kwamba aliitoa, kisha ambariki mtoto. Mama anayekana anaiacha palepale ilipoangukia.

Désiré aliitoa ile nguo begani kwa vidole viwili, akaiweka juu ya kiti, taratibu sana.

"Mama, unajua umefanya nini?"

"Ni kazi ya Madame hiyo. Si yangu. Sijaivaa hata siku moja."

"Sikukuuliza ni ya nani."

Akachukua begi lake. Jumatatu Peguy alifungua duka peke yake.

Sasa, mtu akipata msiba, anao wa kumwambia. Mwizi akikuibia, unapiga yowe. Marcelline angemwambia nani? Akina mama wa kanisani? Wangesikia nusu ya kwanza tu, kwamba alimrushia mwanawe kilote, na kabla hajafika kwenye Malkia Viktoria wangekuwa wamehama benchi. Wasusi wa Overport walikuwa watu wa kwao, wangejua maana yake kabla hajamaliza sentensi. Kwa hiyo alinyamaza. Na kutwa nzima pale mlangoni, kila anayepita: "Mama Désiré, bonjour! Mama Désiré, mtoto iko wapi siku hizi?" Naye alijibu, "Iko Joburg, kazi," bila kujua hata kama ni Joburg.

Aliendelea kupika fufu ya watu wawili. Hakufanya makusudi, mkono ulizoea kipimo. Pazia hakulifungua, chumba kizima kilikuwa chake na bado alilizunguka akienda dirishani, asimsumbue mtu ambaye hayupo. Jumapili alienda ibadani, akaimba, akarudi, na mpaka Jumatatu asubuhi hakuwa ametamka neno lolote. Alikuwa mpweke, nasema wazi, na upweke wake ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu alihisi anastahili.

Mtu angeuliza kwa nini hakuachana na zile nguo. Alifikiri kuziacha. Ile iliyokanyagwa aliifua mara tano, akafumua ncha nne za lesi na kuzifuma upya. Lakini Glenwood ndiko mahali pekee alipoitwa Marcelline. Madame Enid hakujua jina lingine. Alhamisi akifika getini na kusikia "Marcelline, karibu, maji yamechemka," alijisikia mtu ambaye hajamfanyia mtu ubaya.

"Mwanao hajambo?" Madame huuliza akimimina chai.

"Hajambo, Madame. Ana kazi nyingi."

"Siku moja umlete."

"Nitamleta."

Mwezi wa tisa, Peguy alitoka dukani kwake na vikombe viwili vya chai, akavuta kigoda karibu na cherehani. Peguy si mtu wa kuleta chai. Marcelline akaweka kazi chini.

"Désiré iko Joburg kweli," Peguy akasema. "Tunaongea. Mama, mambo yake hayaendi. Kazi ya kwanza ilikatika wiki ya pili. Ya pili, kwenye ghala, alianguka na ngazi, mguu ukavunjika. Lyse ameacha kujibu simu. Na anasema..." Akakoroga chai ambayo haikuwa na sukari. "Anasema ni ile nguo."

"Nguo gani?"

"Mama, mimi usinitie humo."

Kumbe Peguy alijua. Uso ulimwaka Marcelline kwa aibu, lakini aibu haikukaa, mguu ukachukua nafasi yake. Mguu upi? Umefungwa vizuri? Nani anampikia? Je, yeye mwenyewe aliamini kwamba suruali ya pamba inaweza kumwangusha mtu ngazini? Msiniulize. Mguu wa mwanao ukivunjika hukai kupima unaamini nini.

Alhamisi iliyofuata Madame alikuwa na habari. Maonyesho yatafunguliwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa kumi na moja, saa nane mchana. Nguo zitavishwa sanamu za mbao. Viti viko ishirini, na vya mbele vina majina. Akamwonyesha vikaratasi viwili alivyoviandika kwa wino: Marcelline. Désiré. "Fundi anakaa mbele," akasema, "na mwanawe."

Marcelline alivitazama vile vikaratasi, na wazo likamjia lote kwa mara moja. Aje. Aje aione. Akiiona ile nguo imesimama yenyewe kwenye mbao, hakuna mtu ndani yake, Wazungu na Wahindi wanainama kuitazama mchana kweupe, ataona ni historia, ni kitambaa, ni kazi. Ataona si ya mama yake. Litakwisha.

Alimtuma Peguy aseme. Peguy akarudi na jibu baada ya siku nne: atakuja. Mguu umeanza kukanyaga. Atapanda basi la Ijumaa asubuhi.

Mungu wangu, wiki ile! Marcelline alifua shuka za kitanda cha Désiré ambazo hazikuwa zimelaliwa. Alipata ndagala, dagaa wa ziwani kwao, kwa mama mmoja anayewaleta kwa mizigo, akawachambua kichwa kwa kichwa. Akalifungua pazia, na mwanga wa dirisha ukamfikia kwenye meza yake ya kushonea. Watu wa taxi walimsikia akiimba.

Ijumaa, saa nne asubuhi, alikuwa mlangoni pa saluni akishona kifungo cha mwisho cha shimizi ya Madame. Simu ikaita. Namba ngeni.

"Mama."

Miezi sita hakuwa ameisikia sauti hiyo.

"Désiré. Umekula?"

"Niko Park Station. Tiketi iko mkononi. Basi linataka kuondoka." Nyuma yake mtu alikuwa akiwaita abiria wa Durban, Durban. "Mama, iko neno moja. Nataka nilisikie kwako. Siku ile hukujua. Ulishika tu kitu kilichokuwa karibu, ukatupa. Useme hivyo, nipande."

Neno lenyewe lilikuwa fupi: sikujua. Alikuwa nalo tayari. Alilisema kwenye taxi, alilisema akiwa amepiga magoti kanisani, alilisema usingizini. Angelitamka tu, na jioni mwanawe angekuwa anakula ndagala kitandani kwake, na kesho angeketi kwenye kiti chenye jina lake. Akafungua mdomo. Na mkono wake ukakumbuka mkasi, na pasi, na kopo la vifungo, na kiatu.

Ungekuwa wewe ungesema nini? Mimi ningedanganya. Ningesema sikujua, apande basi, mengine baadaye. Lakini Marcelline aliona akisema hivyo mtoto atakuja, atakula, atacheka, kisha atarudi Joburg nayo begani, palepale ilipoangukia, maana mwenye kuiondoa ameikana.

"Nilijua, baba," akasema.

Upande wa pili yule mtu aliendelea kuita Durban, Durban.

"Ilikuwa kupepesa jicho tu, lakini nilijua. Palikuwa na vitu vingi mezani. Nilichagua kile kitakachokuumiza. Unisamehe. Sasa unisikilize vizuri." Akasimama. Shimizi ikaanguka miguuni pake na hakuiokota. "Mimi Marcelline, niliyekuzaa, ile niliyokutupia ni mimi niliyeitupa, na ni mimi ninayeiondoa. Imetoka. Kazi ikushike. Mguu wako ukubebe. Mlango utakaougonga ufunguliwe. Sina neno na wewe, leo wala siku nikifa. Umesikia?"

Akatema mate kidogo kiganjani, kama bibi yake alivyofanya, akayapuliza kuelekea ile simu. Alipoinua macho, saluni nzima ilikuwa imemgeukia, vidole vya wasusi vimesimama kwenye nywele za watu. Miezi sita ya kuficha, na sasa wote wameisikia, mpaka wateja.

"Désiré?"

"Nimesikia, Mama." Sauti ilikuwa ya mtoto mdogo. Kisha simu ikakatika. Akapiga yeye, haikupokelewa. Akapiga tena, imezimwa.

Msusi mmoja aliongeza sauti ya redio, wengine wakarudi kwenye nywele. Marcelline akaiokota shimizi, akaikung'uta, akamalizia kifungo.

Saa kumi na mbili jioni, jua bado lipo, alikuwa kwenye kituo cha mabasi. Aliangalia kila aliyeshuka kwenye basi la Joburg. Alishuka mwanamke na watoto watatu, wakashuka wanajeshi, akashuka mtu mwenye fimbo na moyo wake ukaruka, lakini alikuwa mzee. Dereva akafunga mlango. Labda la asubuhi, akajiambia, na njia nzima kurudi Greyville akalirudia hilo.

Jumamosi nyumba ya Madame ilijaa. Walikuwepo wazee wa Kizungu wenye kofia, wanafunzi wa chuo kikuu wanaopanga vyumba jirani, akina mama wa Kihindi wa Overport ambao wenyewe ni mafundi na hawakuangalia kitu kwa mbali, walipindua pindo waone mshono wa ndani. Nguo zilisimama kwenye sanamu zao karibu na dirisha. Madame alimshika Marcelline mkono mbele ya wote akasema lesi hii yote ilitoka kwenye spoku mbili za baiskeli na mikono hii, na watu wakapiga makofi. Yalikuwa makofi ya kweli. Akayapokea, akashukuru, akaenda kukaa mbele.

Kulia kwake kulikuwa na kiti chenye kikaratasi. Akaweka mfuko wake juu yake. Geti la Madame lina kutu, linalia likifunguliwa, na kila lilipolia Marcelline aligeuka. Saa nane. Saa nane na robo. Madame akasimama kuanza kueleza, na watu waliokosa viti wakajipanga ukutani.

Geti likalia. Alikuwa mama mmoja mzee, mnene, anatweta kwa kupanda kilima, anaegemea mkongojo. Akatafuta kiti kwa macho, safu kwa safu, mpaka mbele. Akainama kwa Marcelline, akauliza kwa sauti ya chini, "Samahani, kuna mtu hapa?"

Marcelline aliangalia dirishani. Geti lilikuwa limebaki wazi, na barabara iliyoshuka kilima ilionekana mpaka kwenye robot, zile taa za kuongoza magari, na haikuwa na mtu. Yuko njiani. Amechelewa kidogo. Anakuja sasa hivi. Majibu yote hayo yalikuwa mdomoni.

"Hapana," akasema. "Hakuna mtu."

Ilimuuma kuliko siku Désiré alipochukua begi, kwa sababu siku ile si yeye aliyetamka kwamba mwanawe hayupo. Akachukua mfuko wake. Akabandua kikaratasi, akakikunja, akasogeza magoti pembeni ili mama wa watu apite. Yule mama akashukuru, akakaa, akauegemeza mkongojo wake katikati yao, na wakamsikiliza Madame.